Kolesteroli, homoni na jeni: wapi pa kuweka dola zako

Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, amenizidi umri, na kwa kilo amenizidi sana. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwake ni wa kukaangwa, sombe (majani ya muhogo) lazima iogelee kwenye mafuta ya ngazi, yaani mawese, na kutembea kwa miguu anawaachia wasio na pesa ya pikipiki. LDL yake, ile kolesteroli mbaya, ni miligramu 104 kwa desilita. Mimi ninayepanda mlima wa Kadutu, hapa Bukavu, kwa miguu kwenda kufundisha, yangu ilikuwa 182. Baba mmoja, mama mmoja, chungu kimoja tangu utotoni.

Mtoto wake anayeishi Ubelgiji akaja na maelezo yake. Alinitumia tangazo la kampuni inayopima jeni kwa mate, likisema kwamba jeni ya kipokezi cha estrojeni, homoni ya kike, ndiyo inayoamua kolesteroli ya mwanamke, akataka kunilipia. Nafundisha biolojia sekondari, hivyo nikasoma kwanza, kisha nikamwambia pesa hiyo tutaitafutia kazi nyingine. Tangu niliposimulia hayo kwenye likelemba yetu, chama cha kuchangiana pesa, akina mama wanaoniuliza juu ya kipimo hicho hawaishi. Nawajibu wote hapa.

Tangazo lile halikuwa la uongo mtupu. Homoni ni kama habari inayorushwa mwilini mwote kupitia damu, na kipokezi ni redio iliyomo ndani ya seli. Radio Maendeleo ikisema neno moja, mtu wa Nguba na mtu wa Panzi hawalisikii kwa sauti ile ile. Inategemea redio ya kila mmoja. Estrojeni ina vipokezi viwili vikuu. Cha alfa hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni inayoitwa ESR1, iliyoko kwenye kromosomu ya 6. Cha beta, kilichotangazwa mwaka 1996 na watafiti wa Uswidi, hutoka kwenye jeni ESR2 katika kromosomu ya 14.

Ini ndilo linalotuhusu hapa. Estrojeni ikishikana na kipokezi chake, ini huongeza vipokezi vya aina nyingine kabisa, vya LDL, ambavyo kazi yake ni kuiondoa kolesteroli mbaya kwenye damu. Ndiyo sababu wakati hedhi bado inakuja, wengi wetu tuna HDL (kolesteroli nzuri) ya juu kuliko wanaume wa rika letu, na LDL yetu haisumbui. Estrojeni ikipungua, ini linapunguza kazi hiyo, na LDL inabaki ikizunguka.

Sasa, maandishi ya DNA ya jeni ESR1 hayafanani herufi kwa herufi kwa watu wote. Sehemu mbili zimechunguzwa kuliko nyingine. Wataalamu wanaziita PvuII na XbaI, majina ya vimeng'enya vilivyotumika kukata DNA ili kuziona. Zote mbili ziko kwenye introni ya kwanza, yaani kipande cha jeni kisichoandika protini yenyewe. Mwaka 2002 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti juu ya wanawake 309 wa Marekani waliokuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Waliopewa homoni, na ambao kwenye sehemu ya PvuII walikuwa na herufi C mbili, moja ya baba na moja ya mama, HDL yao ilipanda kwa miligramu 13.1 kwa desilita. Wengine ilipanda kwa 6.0. Wenye C mbili walikuwa karibu 19 katika kila 100.

Tofauti hiyo si ndogo, na kampuni za kuuza vipimo hupenda kuishia hapo. Mimi naomba tuendelee. Wanawake wale walikuwa wanameza homoni. Utafiti ulionyesha jinsi mwili wao ulivyoitikia kidonge, haukusema mama wa Bagira ambaye hajawahi kumeza homoni atakuwa na kolesteroli kiasi gani. Na mwaka huo huo wa 2002, utafiti mkubwa wa Marekani unaojulikana kama WHI ulisimamisha kundi lililokuwa likipewa estrojeni pamoja na projestini (homoni nyingine ya aina ya kike), kwa sababu saratani ya matiti, kiharusi, damu kuganda na shambulio la moyo vilionekana zaidi kwao kuliko kwa waliopewa kidonge kitupu. Kwenye karatasi ya labo mafuta yao yalipendeza. Moyo haukulindwa. Kwa hiyo hata ukijua kwamba una C mbili, hakuna daktari makini atakayekupa homoni ili kurekebisha kolesteroli.

Kwa wanawake wasiomeza homoni, matokeo juu ya ESR1 yanapingana: watafiti wa nchi moja wanaona herufi fulani inakwenda na LDL ya juu, wa nchi nyingine hawaoni kitu. Tena waliopimwa ni wa Ulaya na Asia zaidi. Wanawake wa Afrika ni wachache mno. Mwaka 2021 zilikusanywa data za watu wapatao milioni 1.65 ili kutafuta jeni zinazogusa mafuta ya damu. Sehemu zilizopatikana ni mamia, na nyingi zinasukuma kolesteroli kidogo tu kila moja. Uzito mkubwa wa LDL umelala kwenye jeni ambazo si za vipokezi vya homoni: LDLR, APOB, APOE, PCSK9.

Hiyo ya mwisho inanifurahisha, kwa kuwa ni habari njema iliyotoka kwa watu wenye asili ya Afrika. Kati ya Wamarekani weusi, wapatao 2.6 kwa kila 100 wana mabadiliko ya PCSK9 yanayoshusha LDL kwa asilimia 28 hivi tangu kuzaliwa, na utafiti wa mwaka 2006 ulikuta ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao umepungua kwa asilimia 88. Dawa za sindano za kuzuia PCSK9 zilipata nguvu kutokana na ugunduzi huo. Nikimwona yaya akijipakulia sambaza mara ya pili huwa namtania kwamba yeye ni mmoja wao. Ushahidi sina.

Upande wa pili wa jeni hizo ndio wa kuogopa, na kuujua hakuhitaji mate yako yasafiri Ulaya. Ukiwa na LDL ya 190 au zaidi, na katika ukoo kuna aliyeanguka kwa moyo akiwa na miaka 40 au 50, au una uvimbe mgumu usiouma kwenye mshipa wa nyuma ya kisigino, mwambie daktari waziwazi kwamba unahofia kolesteroli ya kurithi. Inawapata watu kama 1 katika kila 250 au 300, na kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuichukua. Hapo pima watoto, pima ndugu wa tumbo moja. Kipimo ni kile kile cha kawaida cha damu.

Kuhusu homoni zenyewe, nina mambo mawili ya kuwasisitizia kuliko mengine yote niliyoandika hapa.

La kwanza ni kukoma kwa hedhi. Utafiti wa SWAN wa Marekani, uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba LDL na kolesteroli jumla huruka hasa kati ya mwaka mmoja kabla ya hedhi ya mwisho na mwaka mmoja baada yake. Haingoji uzeeke. Kwa hiyo ukiona siku zako zimeanza kuyumba, nenda ukapime hata kama huumwi popote, ili uwe na namba ya kulinganishia baadaye. Mimi nilikuwa nayo: kabla hedhi haijayumba LDL yangu ilikuwa 139. Kupanda hadi 182 hakukuletwa na maandazi, ingawa wifi zangu walikuwa wameshatoa hukumu.

La pili ni tezi ya shingoni, tiroidi. Hili halitajwi sana, na kwetu Kivu lingepaswa kutajwa kwanza. Homoni ya tiroidi nayo ina kipokezi chake kwenye ini, hasa kile cha beta, na ikishikana nacho ini huivuta LDL kutoka kwenye damu. Tiroidi ikilegea, LDL inapanda, na wanawake ndio wanaopatwa na ulegevu huo kuliko wanaume. Njia hiyo ina nguvu kiasi kwamba mwezi wa tatu 2024 Marekani iliidhinisha dawa inayoitwa resmetirom, inayokilenga kipokezi hicho cha beta. Imeidhinishwa kwa ugonjwa wa mafuta kwenye ini, lakini waliotumia LDL yao ilishuka pia.

Wenye asili ya kisiwa cha Idjwi wanajua habari ya goita, uvimbe wa tezi hiyo, kuliko mimi. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Kibelgiji waliokuwa na kituo Lwiro walikikuta kisiwa hicho kimegawanyika: kaskazini zaidi ya nusu ya watu wana goita, kusini-magharibi ni 5 hivi kwa kila 100, na iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Macho yakageukia muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huacha sumu ambayo mwili unaigeuza kuwa thiosayanati, nayo huzuia tezi kushika iodini hata ile kidogo iliyopo. Siku hizi chumvi ya dukani ina iodini na goita kubwa za zamani zimepungua, lakini tezi huharibika kwa sababu nyingine pia.

Mke wa kaka yangu, mwenye asili ya huko huko, alikuwa na kolesteroli jumla ya gramu 2.90 kwa lita. Alikuwa anachoka ovyo, anasikia baridi hata mchana, choo kigumu, nywele zinabaki kwenye kitana. Watu wakasema ni mawazo. Daktari mmoja wa Ibanda aliipapasa shingo yake, akaagiza TSH, kipimo cha damu cha tezi hiyo, nayo ikaonekana iko juu sana, dalili ya tezi iliyolegea. Alipewa levothyroxine, kidonge cha homoni ya tiroidi, ya asubuhi kabla ya kula, na kolesteroli ikashuka bila dawa nyingine yoyote. Kwa hiyo, mama, kabla hujaandikiwa dawa ya kolesteroli ya maisha, muulize daktari: TSH tumeangalia? Mkiangalia na ikawa sawa, mnaendelea mbele bila shaka moyoni.

Mtajie na njia yako ya uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu inaweza kuishusha HDL, na vidonge vyenye estrojeni huweza kupandisha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu. Usiiache kwa kusoma makala yangu. Mtajie tu, ili asome karatasi yako akijua. Na kama una mimba au umejifungua juzi, ngoja. Kolesteroli hupanda sana katika mimba na namba ya wakati huo inatisha bure.

Juu ya karatasi yenyewe: labo nyingine hapa Bukavu huandika kwa gramu kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, na ukivuka Ruzizi kwenda Rwanda unaweza kurudi na milimoli kwa lita. Kolesteroli jumla yangu ilisema 2.62. Jirani yangu akashangilia kwa sababu yake ilisema 6.8, akaniona nimepona. Zilikuwa karibu sawa kabisa! Gramu kwa lita zidisha kwa 100 upate miligramu. Miligramu za kolesteroli gawanya kwa 38.67 upate milimoli. Na kama labo haikuandika LDL, itafute mwenyewe kwa miligramu: kolesteroli jumla, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 5. Kwangu ilikuwa 262, toa 58, toa 22, ikabaki 182. Trigliseridi ikizidi 400 hesabu hiyo haifai.

Chakula sitakiongelea sana, mnahubiriwa kila mahali. Mafuta ya ngazi hayana kolesteroli hata chembe, wauzaji wa sokoni wanasema kweli, ila karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, na hayo ndiyo yanayolifanya ini liache LDL kwenye damu. Sikuyafukuza jikoni. Nilipunguza kijiko kwenye sombe, sambaza nikawachemsha na nyanya na limau badala ya kuwakaanga, maharagi yakarudi mezani karibu kila siku. LDL ilishuka hadi 160 ikagoma hapo. TSH ilikuwa sawa. Kwa kuwa nina tansio (shinikizo la damu) pia, na baba yetu alikufa kwa kiharusi, daktari akaniandikia atorvastatini, mojawapo ya dawa za kushusha kolesteroli, na sasa LDL iko chini ya 100. Dawa hizo hufanya kazi bila kukuuliza una herufi gani kwenye ESR1.

Pesa ya mtoto wa yaya tuligawana: TSH, sukari na mafuta ya damu kwa mimi, mama yake, na wadogo zetu wawili. Mmoja wa wadogo hao akakutwa na sukari iliyokuwa haijulikani, jambo ambalo kipimo cha mate kisingelionyesha.

Neno la mwisho ni kwa wanaogawana vidonge. Najua mnagawana, nimeona kwa macho yangu plaketi ikikatwa kwa makasi kwenye mkutano wa likelemba. Atorvastatini na simvastatini hazimezwi na mwanamke anayetafuta mimba, mwenye mimba au anayenyonyesha kabla ya daktari wake kusema. Misuli ikianza kuuma bila sababu, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, acha kidonge na urudi hospitali siku hiyo hiyo. Na kilichokatwa kwenye plaketi ya mwenzako hakina hata tarehe ya kuisha.