Nyumba ya shamba inapogeuzwa lokesheni (mahali pa kurekodia tamthilia): maswali yenu

Kumbe wengi mnatazama tamthilia za majumba makubwa ya Uingereza! Nimechagua maswali matano.

Ile nyumba ya kwenye tamthilia ya Downton Abbey ipo kweli?

Ipo. Ni Highclere Castle, Hampshire, kusini mwa Uingereza, ingawa kwenye hadithi tunaambiwa tuko Yorkshire, kaskazini. Ni ya ukoo wa Earl (cheo cha ukabaila wa Uingereza) wa Carnarvon. Earl wa tano ndiye aliyegharimia uchimbaji uliofichua kaburi la Tutankhamun, Farao wa Misri, mwaka 1922. Tamthilia ilirushwa kuanzia 2010 hadi 2015. Lakini jiko na ukumbi wa watumishi vilikuwa seti, vilijengwa Ealing Studios, London. Kwa hiyo mtumishi anaondoka na sinia jikoni London, anatokea mezani Hampshire, na katikati hapo siku kadhaa zimeshapita. Lazima awepo mtu wa kukumbuka sinia lilishikwa kwa mkono upi na nywele zilibanwaje. Kazi ya mtu huyo naiheshimu sana.

Kwa nini wasitumie jiko la nyumba yenyewe?

Kwa sababu nyumba inakaliwa, na jiko la zama zile halikubaki lilivyokuwa.

Watengenezaji wa tamthilia wakifika wanabadilisha nini hasa?

Wengi hudhani wanaongeza mapambo. Kazi kubwa ni kuficha na kukinga. Swichi, soketi, king'ora cha moshi, nyaya za simu, dishi ukutani: vyote vifunikwe au viondolewe kwa muda. Sakafu hutandikwa mbao na mazulia ya kazi kabla kamera haijaingia, na miguu ya vyuma ya kamera na taa huvalishwa vitambaa. Taa kubwa mara nyingi husimamishwa nje ya dirisha, zikaigiza jua, maana joto na mwanga mkali huchakaza mapazia na picha za zamani. Nyumba nyingi za urithi hazikubali moto wa wazi, kwa hiyo mshumaa unaouona unaweza kuwa balbu ndogo inayochezacheza.

Chukueni ukumbi wa chakula wa Highclere. Nyuma ya meza imetundikwa picha ya mchoraji wa zamani Van Dyck, Mfalme Charles I wa Uingereza juu ya farasi. Sasa mfikirie fundi anayepita hapo na nguzo ya chuma begani, huku watu thelathini wakimsubiri. Ndiyo maana nyumba makini huweka mtu wake chumbani muda wote, mwenye mamlaka ya kusema "simameni".

Na wale mnaopenda maua ya zambarau yaliyotambaa kwenye nyumba ya familia ya Bridgerton, katika tamthilia ya jina hilo: nyumba ni Ranger's House, Greenwich, London, ila maua ni ya bandia.

Nyumba inafaidika, au inachakaa tu?

Inaweza kufaidika sana. Moto wa mwaka 1940 uliteketeza kuba na vyumba vingi vya Castle Howard, Yorkshire. Ilipotengenezwa tamthilia ya Brideshead Revisited, iliyorushwa 1981, chumba kimoja kilichokuwa gofu, Garden Hall, kilijengwa upya na kuchorwa kuta zake na mchoraji Felix Kelly. Kamera ziliondoka, chumba kikabaki. Mimi hilo ndilo ninalolipenda kuliko ada yoyote. Tena wageni huendelea kuja miaka mingi baada ya kipindi kwisha.

Nina nyumba ya marehemu babu huko Lushoto, ina baraza pana na miti mikubwa. Vijana wa tamthilia wanataka kuikodi wiki mbili. Nikubali?

Kubali, mama, lakini kwa maandishi. Kabla hawajaingia piga picha kila chumba, hata nyufa. Mkataba utaje siku, saa, vyumba vinavyoruhusiwa, na kwamba ukuta watakaoupaka watarudisha rangi yake kwa gharama zao. Dai amana. Waje na jenereta yao na choo chao, maana choo cha nyumba moja hakiwezi kuhudumia watu arobaini. Uliza kibali chao cha Bodi ya Filamu. Waarifu majirani mapema, hasa kama watarekodi usiku.

Kisha chagua chumba kimoja, ingiza humo kiti cha babu, picha zake na vyombo vyake, funga, na ufunguo ukae nao wewe.