Tuamulie: Nani Alitangulia Kuwapa Wanawake Kura?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi na mume wangu tunabishana tangu juzi. Anasema Uingereza ndiyo iliyotangulia kuwapa wanawake haki ya kupiga kura, tena wabunge waliitoa kwa hiari yao. Mimi siamini hata kimoja. Tuamulie. – Msomaji wako

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mumeo amekosa yote mawili.

Iliyotangulia ni New Zealand, mwaka 1893, wakati huo koloni la Waingereza hao hao lenye bunge lake. Kate Sheppard na wenzake, wengi wao kutoka chama cha wanawake waliopiga vita ulevi, walipeleka maombi bungeni mwaka baada ya mwaka: 1891 saini kama 9,000, mwaka uliofuata karibu 20,000, na 1893 karibu 32,000. Karatasi za mara hii ya mwisho Sheppard aliziunganisha kwa gundi, akazivingirisha kwenye mpini wa ufagio. Zilipita mita 270! Mbunge John Hall akaliingiza furushi hilo ukumbini, akaliachia libiringike sakafuni mpaka likagonga ukuta.

Hiari iko wapi hapo? Waziri Mkuu Richard Seddon alitegemea baraza la juu la bunge liukatae muswada wa kuwapa wanawake kura. Alipoona hesabu hazimkai vizuri, akampelekea telegramu mjumbe mmoja wa chama chake abadili kura. Wajumbe wawili wa upinzani, ambao muswada wenyewe hawakuupenda, wakachukizwa na hila hiyo, wakaunga mkono ili kumkomoa. Ukapita kwa kura 20 dhidi ya 18. (Mimi sehemu hii hainichoshi kuisimulia.) Gavana alitia saini tarehe 19 Septemba, na kabla ya mwaka kwisha wanawake, Wamaori na wazungu, wakapiga kura. Kugombea ubunge, hata hivyo, waliruhusiwa 1919 tu, na wa kwanza kushinda, Elizabeth McCombs, aliingia 1933.

Uingereza ilikuja 1918, tena kwa masharti: mwanamke awe ametimiza miaka 30 na, kwa wengi, yeye au mumewe awe na nyumba au ardhi, ilhali mwanamume alihitaji miaka 21. Kabla ya hapo wanawake walifungwa, wakagoma kula, wakalishwa kwa nguvu kwa mpira wakiwa jela. Usawa ulipatikana 1928.

Akibisha tena, mtajie Uswisi. Wanaume waliikataa haki hiyo kwa kura ya maoni 1959, wakaikubali 1971.