Kabla Hujauliza Kiatu Gani, Inua Mguu

Umenunua farasi wako wa kwanza, au umeanza kumpanda wa mtu mara mbili kwa wiki, na swali lako la kwanza kwangu ni viatu: chuma au alumini, miguu miwili au yote minne? Nalisikia karibu kila mwezi. Mimi niliingia kazi hii ya kupiga farasi viatu nikiwa saisi wa kufagia mabanda nje kidogo ya Nairobi, nikapewa tupa, baadaye nyundo, na mpaka leo farasi mgeni simfungulii sanduku la vyuma kabla sijamwona akitembezwa kwenye sakafu ngumu, akija kwangu na akiondoka. Nataka kusikia kwato zinavyotua. Farasi mzima hatua zake zinalingana. Mguu wenye shida hutua kwa sauti hafifu, maana mwenyewe anauhurumia, na ule mwenzake mzima hubamiza chini kwa nguvu. Wageni wengi hudhani unaobamiza ndio mbovu.

Basi tuanze na mguu. Mwambie mtu ashike hatamu, wewe simama ubavuni ukitazama mkia, telezesha mkono kutoka begani hadi kwenye kifundo, na umwombe mguu wa mbele wa kushoto. Chuma cha kuchokolea uchafu kinatoka kisigino kwenda ncha. Ukikivuta kinyume, siku moja utakizamisha kwenye mfereji ulio kando ya ile pembetatu ya katikati, na farasi hatakupa mguu kwa hiari tena.

Ukishausafisha, angalia. Nje kabisa kuna ukuta, ganda gumu ambalo ndilo hubeba mzigo na ndilo hupigwa misumari. Ndani yake kuna mstari mwembamba tunaouita mweupe, ingawa rangi yake ni ya manjano. Hapo ndipo ukuta unapoungana na soli. Soli imejipinda kidogo kama bakuli. Nyuma ni pembetatu yenyewe, inayobonyea kama mpira wa tairi kuukuu. Kila mguu unapokanyaga, visigino hutanuka kidogo, kisha hurudi. Kwa sababu hiyo fundi mzuri hapigi misumari nyuma ya sehemu pana zaidi ya ukwato: akifanya hivyo amefunga kisigino kisipumue.

Nusa. Ndiyo, nusa. Ukwato mzima unanuka kama nywele na vumbi. Ukisikia uvundo na kuona uchafu mweusi kama grisi kwenye mifereji, pembetatu imeanza kuoza. Huletwa na banda lenye mkojo, maranda yasiyobadilishwa, na farasi anayesimama siku nzima pasipo kutembezwa. Kuanzia Machi hadi Mei mvua za masika zinapoloweka udongo ule mweusi unaonata wa upande wa Athi, naona kesi za namna hiyo mfululizo. Dawa ya kwanza ni pahali pakavu. Fundi akate sehemu iliyokufa, kisha utumie ayodini iliyozimuliwa au mrututu kidogo. Mrututu usiuweke kwenye nyama hai, unachoma.

Mwisho wa ukaguzi, weka kiganja juu ya ukwato upime joto, kisha tafuta kwa vidole mshipa ulio pembeni nyuma ya kifundo. Kwa farasi mzima mapigo hayo ni hafifu sana, wengine utatafuta dakika nzima. Yatafute kila siku akiwa mzima, ili siku yanapogonga kwa nguvu vidole vyako vijue tofauti pasipo kuuliza mtu. Kazi yote hii haifiki dakika kumi kwa miguu minne.

Sasa kalenda, na hapa nitakuwa mkali. Ukuta wa ukwato hukua kati ya milimita 6 na 10 kwa mwezi. Kiatu cha chuma hakikui. Kwa hiyo kila wiki inayopita, ncha inarefuka mbele na kubeba kiatu pamoja nayo, na kisigino kinabaki bila kitu cha kukiegemea. Kwa farasi wengi wiki 6 ndiyo zamu yao ya kukatwa kwato na kupigwa viatu upya. Wapo wanaokua upesi, hao wiki 4 au 5. Asiyevaa viatu na anayetembea sana kwenye ardhi ngumu anaweza kufika 8.

Niliwahi kuitwa kwa farasi jike mwekundu ambaye mwenye naye alikuwa amesogeza zamu kutoka wiki 6 hadi 11, mara mbili mfululizo, ili kupunguza gharama. Viatu bado vilikuwa vimeshika vizuri, na hilo ndilo lililomdanganya. Nilipouinua mguu wa mbele wa kulia, ncha ilikuwa imetangulia mbele kama ulimi, visigino vimelala na kubanwa na chuma, na ubavuni mwa ukuta kulikuwa na ufa uliopanda kutoka chini hadi karibu na nywele. Alikuwa hachechemei bado. Alikuwa tu amefupisha hatua, na mpandaji akasema siku hizi amekuwa mvivu. Nikisikia neno hilo, huwa naomba kuona kwato kwanza. Nitamrudia farasi huyu.

Kuhusu viatu vyenyewe, nitakwambia ninavyoamua. Naangalia vitu vitatu: ukwato ulivyo, ardhi anayokanyaga, na kazi anayopewa. Farasi mwenye soli nene na ukuta mgumu, anayepandwa kwa upole kwenye uwanja wa mchanga au malisho, mimi namwacha peku na kumkata tu kwa zamu. Mwenye naye huhisi kama nimemnyima kitu. Sijamnyima. Kila msumari ni tundu kwenye ukuta, na ukuta usiohitaji tundu nauacha bila tundu.

Ila usimvue viatu farasi aliyevivaa miaka, halafu kesho ukampeleka kwenye kokoto. Kuzoea peku huchukua miezi, kwa sababu ukuta mpya kutoka kwenye nywele hadi ardhini, upande wa ncha, huhitaji karibu mwaka mzima. Mwanzo atembezwe kwa mkono, kwenye ardhi laini, muda mfupi. Wapo wenye soli nyembamba ambao hawatazoea kamwe, na kuwalazimisha ni kuwatesa.

Njia ya kati ni kuvalisha miguu ya mbele peke yake. Farasi aliyesimama hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake mbele, na kwato za mbele ndizo hulika na kuumia zaidi. Hii ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi kwa wanaopanda mwishoni mwa wiki kwenye barabara za murramu. Miguu yote minne ni kwa kazi nzito: safari za siku nyingi kwenye mawe ya Laikipia, polo, kuruka vizuizi mara kwa mara. Wa kuruka kwenye nyasi zenye utelezi hutiwa meno ya kukazia kwenye chuma, lakini meno hayo yafunguliwe mara tu unaposhuka. Akilala nayo bandani hujikata mwenyewe.

Alumini ni nyepesi, na farasi wa mbio inamfaa. Kwenye barabara ya mawe huisha upesi. Nimeona watu wakiidai kwa sababu farasi wa jirani anayo; farasi wa jirani hukimbia kwenye nyasi, wako anashuka kilima cha kokoto. Viatu vya kubandika kwa gundi vina nafasi yao kwa ukuta uliobomoka usioshika msumari. Halafu vipo vile viatu vya mpira vya kuvalisha na kuvua, ambavyo navipenda kwa farasi wa peku anayekwenda mara moja moja kwenye mawe. Vipime siku ukwato umetoka kukatwa, upana na urefu kwa milimita, na baada ya safari ya kwanza angalia ngozi ya kisigino kama imechubuka.

Aina yoyote utakayochagua, chuma hupindwa kifuate ukwato. Fundi akikuta kiatu ni kidogo akachukua tupa na kukwangua ukuta hadi ulingane na chuma, mwondoe kwa heshima na usimwite tena. Fundi akimaliza, inama uangalie: chuma kinafuata ukingo wote wa ukuta, kinafika nyuma hadi kinashika kisigino, ncha za misumari zimetoka kwa mstari mmoja karibu theluthi ya kimo cha ukuta, zimekunjwa na kulainishwa hazikwaruzi kiganja. Tazama pia ubavuni. Mteremko wa ukwato na mteremko wa mfupa ulio juu yake viwe mstari mmoja usiovunjika.

Kuhusu msumari wenyewe nina jambo lililonikaa moyoni. Msumari wa farasi si kama wa mbao. Ncha yake imechongwa upande mmoja, na kichwani kuna alama. Alama ikitazama ndani ya ukwato, ncha husukumwa itokee nje ya ukuta. Ukiugeuza, unaingia ndani kwenye nyama. Hata ukiupanga sawa, ukianzia ndani ya mstari mweupe utaminya nyama hai. Nyundo hukwambia: kwenye ukuta mgumu sauti ni kali na hupanda kila pigo, na kwenye pahali laini inakuwa nzito kama unapiga ndizi. Mwaka wangu wa pili farasi mmoja alinivuta mguu kwenye msumari wa tatu. Nilidhani ni ukaidi, nikamrudishia mguu kwenye mapaja na kuumalizia. Usiku ule hakulala wala hakula, na asubuhi alisimama kwa miguu mitatu. Tuliung'oa, damu ikafuata. Alipona, lakini siku nane za maumivu yake nilimpa mimi. Tangu siku hiyo farasi akivuta mguu, nasimamisha nyundo, natoa msumari, nautazama. Na wewe unayeshika hatamu una haki ya kusema, "Fundi, hebu simama kwanza, huyu amelalamika."

Hatari nyingine haingoji fundi. Farasi aliyekuwa mzima jana na leo hataki kabisa kukanyaga mguu mmoja, ukwato una moto na mapigo yanagonga, mara nyingi ni jipu ndani ya ukwato. Hutobolewa na daktari au fundi anayejua, kisha mguu hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya Epsom, ukafungwa kwa nepi ya mtoto na utepe mpana wa gundi. Nepi inakaa vizuri kuliko bandeji nyingi za duka. Ukikuta msumari wa mbao umezama kwenye pembetatu au soli, usikimbilie kuung'oa kama daktari yuko njiani na unaweza kumzuia farasi asiukanyage. Daktari anahitaji kuona umeelekea wapi, maana ndani kuna mfupa na mfuko wa ute. Na chanjo ya pepopunda iwe haijapita muda. Farasi hushikwa na pepopunda kwa urahisi kuliko wanyama wengi wa nyumbani.

Ninayoiogopa zaidi ni laminaitisi. Ule mshikamano unaoning'iniza mfupa ndani ya ukuta huvimba na unaweza kuachia. Huanza kwa farasi aliyevunja mlango wa stoo akala nafaka, au mnene aliyeachiwa malisho mabichi mvua zilipokatika. Utamkuta amesukuma miguu ya mbele mbele na kuegemea nyuma, hataki kugeuka. Mpigie daktari saa hiyohiyo. Ondoa nafaka, mwekee maranda mengi ya kusimama juu yake, zipoze kwato kwa barafu, na usimlazimishe kutembea hata kama jirani atakwambia mazoezi yatamsaidia.

Kama unafuga punda pia, usimwombe fundi amkate kama farasi. Ukwato wa punda umesimama wima zaidi na ni mwembamba. Lamu, ambako punda ndio uchukuzi na kliniki ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, imekuwepo tangu 1987, hakuna anayeshangaa ukwato ulio wima hivyo. Bara nimeona punda walioharibiwa kwa tupa ya mtu aliyetaka wafanane na farasi.

Siku ya fundi, tayarisha kivuli na sakafu kavu iliyo sawa, kwato zikiwa safi na kavu, na mtu mtulivu wa kushika kichwa. Farasi mchanga azoezwe nyumbani kutoa mguu kila siku, hata kwa sekunde kumi. Nisimfundishe mimi huku nina misumari mdomoni.

Yule jike mwekundu tulimvua viatu vyote. Nilirudisha ncha nyuma kidogo kidogo kila baada ya wiki 4, nikauondolea mzigo ukingo ulio chini ya ufa ili usiendelee kufunguka, na mwenye naye akambadilishia banda na kumwongezea biotini, vitamini ya kusaidia kwato, miligramu 20 kwa siku kwa ushauri wa daktari. Hakumpanda miezi mitano. Kila niliporudi tulipima kwa rula umbali kati ya nywele na ncha ya juu ya ufa: milimita 9, 17, 26. Alikuwa akiandika mwenyewe kwenye ukuta wa banda kwa chaki. Mwezi wa kumi tangu tuanze, kipande cha mwisho chenye ufa kilifika chini, nikakiondoa kwa pigo moja la tupa, mwenye naye akakiokota na kukitia mfukoni.