Ukitwishwa Kazi ya Kuandika Historia ya Klabu ya Raga

Goti ndilo lililoniponza. Kwa misimu kumi na mmoja nilikuwa huka, yule wa katikati ya mstari wa mbele, wa timu ya pili, kisha goti likagoma, na kamati ikaona kwamba mtu anayeshinda benchi akiandika-andika kwenye simu ndiye hasa wa kuandika kitabu cha klabu. Nikapewa miezi minane, kisanduku kimoja cha makaratasi, na agizo la mwenyekiti: "Weka ushindi wetu wote." Miezi minane ikazaa miaka miwili na nusu. Haya ni mambo ambayo laiti ningeambiwa siku ile nilipokibeba kile kisanduku.

Usianze na ushindi. Anza na daftari la mweka hazina.

Najua halivutii. Mimi mwenyewe nililitupa chini kabisa nikakimbilia picha na vikombe. Lakini kikombe kinakueleza siku moja tu, tena ile ambayo kila mtu anaijua. Daftari ndilo linaloonyesha klabu iliishi vipi siku nyingine zote. Mle nilikuta mpira mmoja uliolipiwa fundi mara nne kabla haujatupwa. Nilikuta jezi kumi na tatu zilizonunuliwa kwa timu ya watu kumi na watano, nikabaki najiuliza wale wawili walivaa nini. (Walivaa za zamani, nje ndani, ili rangi isionekane imepauka. Mzee mmoja alinieleza, akacheka hadi akakohoa.) Nilikuta faini za waliochelewa basi, na jina moja likijirudia karibu kila mwezi. Huyo baadaye akawa mwenyekiti.

Na kulikuwa na mstari mmoja, "kufua jezi", uliolipiwa kila mwezi kwa miaka, kisha msimu fulani ukakatika. Jezi hazikuacha kuchafuka. Mtu aliendelea kuzifua, ila bure. Weka alama kwenye mistari ya namna hiyo, inayokatika bila maelezo. Nitaurudia huu.

Usione haya kwamba kitabu chako kitajaa madeni. Raga ya wachezaji saba, hii inayochezwa Olimpiki tangu 2016, ilizaliwa kwa ukata. Mwaka 1883 klabu ya Melrose, mji mdogo wa Scotland, ilikuwa haina fedha, na mchinjaji nyama aitwaye Ned Haig akatoa wazo la kuandaa mashindano ya kuchangisha. Kucheza mechi nyingi siku moja kwa timu za watu kumi na watano hakuwezekani, basi wakapunguza watu. Mweka hazina wa klabu yako naye huenda alibuni kitu kwa shida. Mtafute humo daftarini.

Sasa mwaka wa kuanzishwa. Hapo ndipo utakapogombana na watu.

Kwenye nembo yetu kuna mwaka uliodariziwa, na kila mwanachama anaweza kukuapia kwa mwaka huo. Kumbukumbu za vikao zikaonyesha mambo mengine. Kulikuwa na kundi la vijana waliokuwa wakicheza bila jina, halafu mkutano uliochagua viongozi, halafu kimya, halafu mkutano mwingine uliochagua viongozi upya kana kwamba ule wa kwanza haukuwahi kuwepo. Ipi ndiyo siku ya kuzaliwa? Mwanzoni nilitaka kuamua. Nilituma barua kwa kamati kutangaza kwamba nembo imekosea kwa miaka miwili, na kwa wiki tatu hakuna aliyenisalimia vizuri. Ushauri wangu: usihukumu. Eleza kilichotokea kila mwaka, taja umekitoa kwenye karatasi gani, mwachie msomaji. Hata wakubwa hawajamaliza ubishi huu. Klabu ya hospitali ya Guy's ya London hujinasibu na 1843, ile ya Chuo Kikuu cha Dublin na 1854, na ubishi wa nani mkongwe unaendelea mpaka leo.

Mchezo wenyewe nao umejengwa juu ya hadithi ya namna hiyohiyo. Husemwa kwamba mwaka 1823 mwanafunzi wa shule ya Rugby, William Webb Ellis, aliushika mpira mikononi akakimbia nao. Aliyeieneza habari hiyo ni Matthew Bloxam, mwanafunzi wa zamani wa shule hiyo, aliyeandika mwaka 1876 jambo ambalo hakuliona kwa macho yake. Ellis alikuwa ameshafariki miaka minne kabla, hivyo hakuna aliyeweza kumuuliza. Hata hivyo kombe la dunia limepewa jina lake. Sikuambii hadithi za klabu yako uzitupe. Ziandike, ila chini yake weka nani alizisema, lini, na kama alikuwepo.

Sasa nikuonyeshe chombo ambacho mwandishi wa raga anacho na wa michezo mingi hana: alama zenyewe. Kwenye ukumbi wetu kuna picha ya timu, na chini yake mtu ameandika kwa rangi nyeupe mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya 1950, pamoja na matokeo: 7–3. Niliipita picha hiyo mara elfu. Jioni moja nikiwa na chai mkononi nikasimama. Saba?

Hesabu nami. Tangu miaka ya 1890 hadi 1971 trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, ilikuwa na alama 3, na mkwaju unaoifuata alama 2, jumla 5. Penalti ilikuwa 3. Ule mkwaju wa kudondosha mpira na kuupiga unapogusa ardhi ulikuwa na alama 4, lakini mwaka 1948 ukashushwa hadi 3. Kwa hiyo kuanzia hapo mpaka 1971 timu iliokota alama kwa mafungu ya 3 au ya 5, basi. Utapata 3, 5, 6, 8, 9, 10 na kuendelea. Huwezi kupata 4. Huwezi kupata 7. Changanya utakavyo, haiji. Trai ilipopandishwa hadi 4 mwaka 1971, saba ikawezekana, na ilipofika 5 mwaka 1992, saba ikawa ndiyo trai na mkwaju wake, jambo la kila Jumamosi. Lakini katikati ya miaka ya 1950? Ama mwaka ni wa uongo, ama matokeo. Nilikwenda kwenye daftari la vikao, ukurasa wa msimu ule umechanika. Nikaandika kitabuni kwamba picha hii ina kosa mahali fulani na sijui ni wapi, nikaendelea.

Bandika miaka hiyo ya alama ukutani unapofanya kazi. Nilikamata nayo makosa manne, mawili yakiwa yangu mwenyewe ya kunakili. Ukiona watu kumi na sita wamevaa jezi kwenye picha ya zamani, usikimbilie kuandika kwamba mmoja aliingia kama mbadala. Sheria za kimataifa zilianza kuruhusu kumbadilisha aliyeumia mwaka 1968. Kabla ya hapo mtu akivunjika, wenzake walimaliza wakiwa kumi na wanne. Huyo wa kumi na sita mara nyingi ni aliyesafiri kwa tahadhari, au aliyeshika kibendera pembeni. Na utazame mpira alioushika nahodha: mara nyingi msimu umechorwa juu yake, na mwandiko wa siku ileile ni wa kuaminika kuliko maelezo yaliyoongezwa nyuma ya picha miaka thelathini baadaye.

Kuhusu magazeti ya zamani nitasema neno moja tu. Habari nyingi za mechi ndogo ziliandikwa na katibu wa klabu mwenyewe na kupelekwa gazetini. Ukisoma kwamba "timu yetu ilipoteza kwa bahati mbaya," jua nani alishika kalamu. Tafuta klabu mliyocheza nayo, uombe daftari lao. Mechi yenu imo humo pia, na wao hawana sababu ya kuwapamba. Sisi tulikuwa na ushindi mmoja maarufu ambao kwa wapinzani wetu umeandikwa kuwa sare.

Wazee. Ukimwendea mzee na kumwambia, "Nisimulie historia ya klabu," atakupa hotuba ileile aliyoitoa kwenye sherehe tano zilizopita. Nilirekodi hotuba za namna hiyo saa nyingi, nikaja kuzifuta. Nenda na picha. Muulize, "Kwenye skramu," pale wachezaji wa mbele wanaposhikana mabega na kusukumana, "ulikuwa umeshikana na nani?" Mchezaji wa mbele hamsahau mtu aliyemshika bega kwa misimu sita, hata kama amesahau nani alishinda. Kutoka kwenye bega hilo utapata jina, kutoka kwenye jina utapata basi lililoharibika, refa aliyesahau kipenga, na msiba ambao timu nzima ilikwenda na jezi. Na ukiweza, wakutanishe wawili. Mmoja akisema uongo mdogo, mwenzake hatavumilia. Wewe kazi yako ni kunyamaza na kuhakikisha simu inarekodi.

Kuna mahali watanyamaza wao. Kwenye orodha yetu ya wanachama kuna jina limekatwa kwa wino mwekundu, tena kwa rula. Si kukatwa kwa hasira, ni kwa utaratibu, kama mtu anayefunga hesabu. Wengine walioondoka wameandikiwa "amehama" au "amefariki". Huyu hakuandikiwa kitu. Niliwauliza wazee watatu, kila mmoja akabadilisha mazungumzo. Wa nne akasema polepole, "Mwanangu, yule alikwenda kule kwingine."

Kule kwingine ni raga ya wachezaji kumi na watatu. Ili uelewe kwa nini jina hilo lilikatwa, inabidi urudi hadi Agosti 1895, hoteli moja ya Huddersfield, ambapo klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga na chama cha raga cha nchi hiyo. Wachezaji wao wengi walikuwa vibarua wa viwandani na migodini. Kucheza Jumamosi kulimaanisha kukosa ujira, na klabu zilitaka ruhusa ya kuwafidia. Chama kikakataa: raga ni ya ridhaa, anayepokea hata senti si mwenzetu. Kutoka kwenye mgawanyiko huo ukazaliwa mchezo wa pili, na kwa miaka mia moja aliyekwenda kuucheza alifungiwa mlango wa raga ya ridhaa. Mpaka Agosti 1995, Paris, bodi ya kimataifa ilipoondoa katazo la malipo. Klabu kama yetu hapo haikupata senti ya kumlipa mtu, ila angalau ilipata ruhusa ya kutaja majina.

Nilimrudisha kwenye orodha, na misimu yake, na nafasi aliyocheza. Mjumbe mmoja wa kamati alipinga kwamba tunafukua makaburi. Nikamwonyesha daftari la faini: mtu yule alikuwa amelipa ada yake yote kabla hajaondoka. Hakuendelea kubishana. Lakini kabla ya kuchapa, nilikwenda kwa familia yake, nikawasomea ile aya. Fanya hivyo kwa kila jambo linalogusa ugomvi, ulemavu au kifo. Usitume ujumbe. Nenda.

Na sasa jezi. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa mia moja na kumi, na wanawake walikuwa kwenye aya moja iliyoanza na "Tunawashukuru pia". Niliipeleka kwa dada mmoja aliyekuwa nahodha wa kwanza wa timu ya wanawake, aisome. Aliirudisha na swali moja pembeni, kwa penseli: "Nani alifua?" Ule mstari uliokatika daftarini ulikuwa na majibu yake. Mama yake na wenzake walichukua kazi hiyo msimu fedha zilipokwisha, na mabinti waliokuwa wakianika jezi hizo ndio waliokuja kuomba uwanja siku za katikati ya wiki, wakaambiwa wasubiri. Kombe la dunia la kwanza la wanawake, mwaka 1991 kule Wales, nalo liliandaliwa na wanawake wenyewe bila baraka za bodi ya kimataifa, na Marekani wakaifunga Uingereza 19–6 kwenye fainali. Kwa hiyo dada zetu hawakuwa peke yao kuambiwa wasubiri. Sura ya wanawake sasa ina kurasa ishirini na mbili. Ningeianza mapema, ingekuwa arobaini, maana wawili niliopaswa kuongea nao walifariki nikiwa bado nahesabu vikombe.

Mambo madogo ya mwisho. Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, wino hupenya. Piga picha kila ukurasa wa daftari siku ileile unapopewa, kwa sababu mwenyewe anaweza kulihitaji tena kesho na usilione milele. Andika majina ya utani pamoja na majina kamili, la sivyo wajukuu hawatamtambua babu yao. Na mchapaji akikuuliza kurasa ngapi, ongeza sita tupu mwishoni.

Nakala yetu ya ukumbini tuliifunga kwa kamba mezani, pamoja na kalamu. Kurasa zile sita sasa zimebaki mbili. Kuna anayesema basi liliharibika kwenda, si kurudi. Kuna anayemjibu chini yake kwamba yeye ndiye aliyelisukuma. Na mwezi uliopita nilikuta mwandiko unaotetemeka, hauna jina: "Ile picha ni 8–3. Rangi iliniishia mkononi, nane ikatoka kama saba. Niliona, nikaona aibu kuomba rangi nyingine."