Shukrani hailali: kwa nyinyi mlioanza darasa juzi

Jumapili mmoja wenu wa darasa la waumini wapya aliuliza swali na muda ukatuishia kabla hatujalijibu. Alisema, nitasimama aje kanisani niseme Mungu ni mwema na nina deni ya nyumba ya miezi mitatu, mwenye ploti ashaniwekea kufuli mara moja? Hilo swali nimekaa nalo kwa mashine wiki nzima, kwa sababu ni swali langu mwenyewe la mwaka wa kwanza wa wokovu, na hiyo wakati hakuna mtu alinijibu, niliambiwa tu shukuru dada, wewe shukuru. Wacha sasa niwaandikie vile nimejifunza, miaka 15 nikishona pale Uhuru Market hapa Nairobi na karibu hiyo hiyo nikiwa kwa imani.

Mwanzoni nilikuwa nashukuru kwa mdomo. Mchungaji akisema Mungu ni mwema najibu kila wakati, akigeuza na mimi nageuza, basi. Nyumbani kabla ya kulala ni asante kwa uhai, asante kwa afya, asante kwa ulinzi, amina, hata sijasikia nilichosema. Halafu Januari moja nikapata oda ya sare, sketi na mashati, nikakopa pesa ya kitambaa nikaenda Eastleigh, tukashona mchana na usiku, siku ya kupeleka naambiwa wameshapata fundi mwingine wa bei ya chini. Sketi 80 za rangi ya shule moja, huwezi uzia mtu mwingine. Jumatano nikaenda fellowship na hiyo "Mungu ni mwema" ikakataa kutoka kabisa, nikakaa tu nimeinamisha kichwa.

Kulikuwa na mama mzee pale, sisi wote tulimuita shosho. Alingoja watu watoke akaja akakaa kando yangu. Hakunihubiria. Akaniuliza, leo umeshukuru nini mwanangu? Nikamwambia afya. Akasema, afya ya nani, na imefanya nini leo? Nikanyamaza. Akasema niambie kitu kimoja cha leo, si cha jana, kitu ambacho kama hakingetokea siku yako ingekuwa ingine. Nikafikiria sana alafu nikakumbuka mkanda wa mashine yangu ulikatika asubuhi kama saa nne, na yule mama wa kibanda cha tatu akanipa wake wa akiba bila hata kuniuliza nitarudisha lini. Shosho akauliza, umemwambia asante? Nikasema nilimwambia haraka haraka. Akasema basi kesho kabla hujakaa kwa mashine nenda umwambie polepole, alafu ndio umwambie Mungu.

Kesho yake nilienda. Yule mama alishangaa, akaniambia huo mkanda alikuwa ameununua jana yake tu, na mashine yake mwenyewe ilikuwa inatishia kukata. Yaani alinipa kitu alichokuwa anakihitaji. Kama singerudi singejua.

Kwa hivyo la kwanza ninalowaambia ni hili, na ni kitu fundi yeyote anaelewa. Mteja akija akakwambia nishonee nguo nzuri, hajakwambia kitu. Unatoa tepu unapima, bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, unaandika inchi kwa daftari, kwa sababu mkasi haukati "nguo nzuri", mkasi unakata namba. Shukrani pia ni hivyo. "Asante kwa kila kitu" ni mteja asiyetaka kupimwa. Weka kitu, weka siku, na kama kuna mtu weka mtu. Nimegeuza daftari langu la vipimo, mbele ni vipimo vya wateja, nyuma ni shukrani, mstari mmoja kwa siku, kwa penseli, na penseli ni kwa sababu ndiyo iko karibu na mkono. Msinunue daftari spesheli lenye maua, mtaandika siku nne mchoke.

Na muda wake, msingoje kulala maana mtu aliyesimama kwa matatu kutoka tao mpaka Kayole na jam ya Jogoo Road akifika nyumbani hana kitu kimebaki kichwani. Danieli alikuwa na saa zake, mara tatu kwa siku anapiga magoti anaomba na kushukuru, na imeandikwa aliendelea vile alivyokuwa akifanya tangu hapo, hata baada ya ile amri kutiwa sahihi. Mimi saa yangu ni bobini. Uzi wa chini ukiisha lazima usimame uijaze upya, na hiyo dakika moja inazunguka ndio nataja kitu kimoja. Wewe kama unauza mboga labda ni ukimwagia sukuma maji, kama ni wa boda ni ukingoja kastoma stejini. Tafuta kitu kwa kazi yako ambacho lazima kikusimamishe.

Sasa nije kwa ile sura iliyonibadilisha, na najua hakuna mtu anaanzia huko, Walawi 7. Watu wanaikimbia hiyo sura kwa sababu ni damu na mafuta na figo. Lakini kuna sheria hapo ya sadaka ya shukrani, mstari wa 15, nyama yake iliwe siku hiyo hiyo iliyotolewa, isibaki kitu mpaka asubuhi. Ukisoma mstari unaofuata, sadaka ya nadhiri au ya hiari inaweza kuliwa hata kesho yake. Ya shukrani hapana. Nilijiuliza sana kwa nini, alafu nikafikiria hesabu ya nyama tu. Mtu na bibi yake na watoto hawawezi kumaliza mnyama mzima kabla ya asubuhi, na ukisoma mstari wa 12 na 13 iko na mikate pia ya aina aina. Kwa hivyo lazima uite watu. Jirani, mgeni, yule mnayegombania maji ya mferejini, wote wakuje wale, na wakiuliza kuna nini unawaambia Bwana amenitendea hivi na hivi. Mimi naona hiyo ndiyo ilikuwa maana, shukrani haikuruhusiwa kulala wala kufichwa kwa nyumba ya mtu mmoja.

Tangu nielewe hivyo nimejiwekea kwamba kama nimeshukuru kitu na kinagawanyika, nakigawa siku hiyo. Nikimaliza oda kubwa nikalipwa vizuri, jioni nanunua chapati kumi na madondo tunakula na wasichana ninaofundisha kushona na yule mzee anayelinda usiku. Si pesa nyingi. Mwaka wa 2024 mwezi wa nne, mvua ikanyesha mpaka mto Mathare ukatoka kwa njia yake ukabeba nyumba na watu, sisi wa upande wetu hatukuguswa. Nikasikia watu wakisema asante Mungu sisi haikutufikia, na mimi nikasema hivyo hivyo, alafu nikakumbuka kwamba kuna mtu mwingine kwa Biblia alianza maombi na neno nakushukuru. Ni yule Mfarisayo wa Luka 18. Nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine. Maombi yake yalianza na shukrani na hakurudi nyumbani amehesabiwa haki. Hiyo kitu iliniuma. Nyumba yangu kukauka si shukrani bado, inakuwa shukrani kama hiyo nyumba kavu imelaza mtoto wa mtu usiku huo. Tulitoa blanketi, tukashona shuka kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki, na uji ulipikwa kanisani siku kadhaa. Nawaambia hivyo sitafuti sifa, nataka mjue tofauti, kwa sababu kwa ushuhuda wetu wa kanisani hiyo tofauti inapotea haraka sana. Mtu anashukuru kwa gari mpya na kando yake kuna mwenye ametembea kwa miguu kutoka Dandora kwa kukosa nauli. Shukuru kwa gari, ndio, na ibada ikiisha mbebe.

Sasa lile swali la nyumba.

Kuna watu watawaambia mshukuru kwa sababu ya deni, au kwa sababu ya ugonjwa, au kwa sababu ya kifo. Kuna msichana mmoja wangu, mamake alikufa, na mtu akamwambia pale pale matangani shukuru kwa yote dada, usilie kama wasio na imani. Nilikasirika na mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Wanachukua 1 Wathesalonike 5:18, kwa Kiswahili chetu imeandikwa shukuruni kwa kila jambo, na kwa Kigiriki cha Paulo ni katika kila jambo. Ndani ya jambo, ukiwa katikati yake. Ukiwa ndani ya matanga unaweza kushukuru kwa mikono iliyokusaidia kupika bila kushukuru kwamba mama amekufa. Na kama mtu atawatajia Waefeso 5:20 inayosema kwa mambo yote, mwambieni Paulo huyo huyo ndiye aliandika pia tulie pamoja na wanaolia, na kwa Wafilipi, ile barua ya furaha aliyoandika akiwa kifungoni, anasema Mungu alimhurumia mwenzake Epafrodito akapona, ili yeye Paulo asipate huzuni juu ya huzuni. Hakuwa anajifanya.

Someni Yohana 11 polepole. Mstari wa 35 Yesu analia. Mstari wa 41 anainua macho anasema Baba nakushukuru. Ni kaburi moja, siku moja, na kati ya machozi na shukrani ni mistari michache tu, na hakuna mahali anaomba msamaha kwamba alilia. Zaburi 13 pia, ni mistari sita, inaanza na hata lini Bwana, inaisha na nimwimbie Bwana kwa kuwa amenitendea kwa ukarimu. Ukitoa mwanzo wake si zaburi tena. Kwa hivyo wewe mwenye swali, Mungu anaweza kusikia yote mawili, deni na asante, na usianze na asante kama deni ndiyo imekujaa kifuani.

Halafu angalia mikate. Wanaume kama 5000, mikate mitano na samaki wawili wa kijana, Andrea akauliza hivi ni nini kwa watu wengi hivi. Yesu akaitwaa mikate akashukuru, na wakati anashukuru bado ilikuwa mitano. Nimekaa hapo mara nyingi sana na kodi pungufu mkononi. Alishukuru kwa kile kilikuwa hapo, hakungoja kitoshe. Wakatoliki na Waanglikana wakisema Ekaristi, yaani Meza ya Bwana, wanatumia neno la Kigiriki la kushukuru, na hiyo inatoka usiku ule Bwana aliotolewa, alitwaa mkate akashukuru akaumega. Usiku aliotolewa! Mimi sina kitu cha kuongeza hapo.

Kitu kingine kidogo, mtu asitumie shukrani kuwanyamazisha. Msichana amefanya kazi miezi miwili bila mshahara, akiuliza anaambiwa shukuru una kazi, wengi wako nje wanaitafuta. Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele na kelele imefika masikioni mwa Bwana. Shukuru Mungu kwa kazi na uendelee kuuliza pesa yako, hayo hayapingani.

Na kuna siku daftari litakuwa tupu. Mamangu alipolazwa sikuandika kitu karibu miezi miwili, nilikuwa nafungua ukurasa nafunga. Hizo siku nilikuwa nasoma Zaburi 136 kwa sauti, ile iko na mistari 26 na kila mstari unarudia kwa maana fadhili zake ni za milele, na nilipenda kwamba ni mambo ya watu wengine, bahari ya Shamu, Farao, wafalme, mimi sikuwa na langu la kutaja nikaazima lao. Mstari wa 23 ulikuwa unanitosha, aliyetukumbuka katika unyonge wetu. Siku zingine nilikuwa naishia hapo.

Jumapili mkija kila mtu aje na kitu kimoja, chenye siku na mtu, hata kama ni maji ya mtungi. Wewe wa kodi njoo na hesabu ya deni pia, tutaiangalia na wale akina mama wa chama baada ya ibada, nimeshaongea na wawili.

Langu la wiki hii, Jumanne, stima ilirudi saa tisa nikamaliza mikono ya mashati kabla mteja afike. Jana, kijana wa mkokoteni alinibebea majora matatu kutoka stejini mpaka kibandani na mvua inanyesha, akakataa pesa akaenda. Jina lake bado silijui. Huwa anafunga saa kumi na mbili, na sai ni kumi na moja na nusu, wacha niweke mashine kifuniko nikamtafute.