Kumtumia Skarmory: hesabu zamu za bure, usihesabu uhai wake

Mkuu, umeuliza kwa nini Skarmory wako, ndege wa chuma wa mchezo wa Pokémon, humaliza karibu kila mechi akiwa hai huku wenzake watano wameshaanguka, na kama ni afadhali umtoe kwenye kikosi uweke mshambuliaji. Usimtoe. Jibu limo kwenye maelezo yako mwenyewe: anaingia kumzuia Garchomp wa mpinzani, anapiga shambulio la Body Press, anajitibu kwa Roost, anapiga tena, anajitibu tena. Wakati huo mpinzani anamleta yeyote amtakaye, anajiongezea nguvu kwa raha zake, halafu anakuja kukuvunjia kikosi. Skarmory kapona, lakini zamu zote hizo umemgawia mwenzako.

Nimecheza na huyu ndege wa chuma kwa miaka, kuanzia vizazi vya nyuma vya mchezo hadi Scarlet na Violet. Ninayosema hapa ni ya mechi za mmoja kwa mmoja, Pokémon sita kwa sita. Za wawili wawili ni habari nyingine. Kule mechi huisha mapema mno kwa kazi yake.

Ukuta wake unautambua. Defense yake ya asili, yaani kinga dhidi ya mashambulizi ya mwili, ni 140, na aina zake mbili, chuma na kuruka, zinamwacha na udhaifu wa moto na umeme tu. Mashambulizi ya ardhi na ya sumu hayamgusi. Ukimpa EV (pointi za mazoezi) 252 kwenye HP (damu yake), 252 kwenye Defense na tabia ya Impish inayoiongeza Defense, akiwa kiwango cha 100 anafika HP 334 na Defense 416. Upande wa Special Defense, kinga dhidi ya mashambulizi yasiyo ya mwili, ana 70 tu, kwa hiyo mshambuliaji wa upande huo akiingia, kazi ya Skarmory imekwisha kwa muda huo. Toka. Ndivyo kikosi kinavyopangwa, na ndiyo sababu kwa miaka mingi watu walimweka pamoja na Blissey mwenye HP ya asili 255: mmoja anapokea makofi, mwingine anapokea moto na umeme.

Sasa kazi yenyewe. Skarmory yupo uwanjani kutandaza Spikes, yaani miiba. Hayo mengine yote, Defense, Roost, kofia ya Rocky Helmet anayoshika, yapo ili apate nafasi ya kutandaza tena na tena. Tabaka moja la miiba linamla kila anayeingia akiwa amekanyaga chini 1/8 ya damu yake, mawili 1/6, matatu 1/4. Ziangalie vizuri hizo sehemu. Tabaka la kwanza linakupa asilimia 12.5. La pili linaongeza kama asilimia 4 tu. La tatu linaongeza zaidi ya 8, yaani mara mbili ya la pili. Wengi huweka mawili, wakaridhika, wakaanza kupiga. Hapo ndipo pabaya kuliko pote pa kusimamia, kwa sababu umeshalipa zamu mbili na ile inayoleta faida kubwa umeiacha. Ukiona huna nafasi ya kufikisha matatu, weka moja uondoke. Ukiweka la pili, uwe umeshaona njia ya la tatu.

Zamu ya kutandaza inapatikana wapi? Inapatikana mpinzani anapolazimika kutoka. Garchomp aliyekuja kutegemea Earthquake, shambulio la ardhi, Skarmory akishaingia, hana la maana la kufanya: atatoka au atajinoa kwa Swords Dance. Akitoka, zamu hiyo ni yako, tandaza. Akijinoa, Whirlwind inamfukuza, nguvu alizojiongezea zinapotea, na anayeburutwa kuingia badala yake anakanyaga miiba. Body Press unayoipiga wewe kwenye zamu anayotoka inampata anayeingia, na mara nyingi anayeingia ni Gholdengo.

Huyo Gholdengo nataka tumtazame kwa karibu, maana nadhani ndiye anayekumaliza. Body Press ni shambulio la aina ya mpiganaji, na yeye ni mzimu, halimgusi kabisa. Whirlwind nayo haifanyi kazi, uwezo wake wa Good as Gold unazuia hila zote (mbinu zisizo mashambulizi) zinazomlenga. Kwa hiyo akiingia Skarmory akiwa anapiga au anajitibu, amepata Nasty Plot ya kujiongezea nguvu bure, na baada ya hapo una tatizo kubwa. Lakini Spikes hailengi Pokémon, inalenga upande wa uwanja. Good as Gold haiizuii. Basi zamu unayohisi Gholdengo anakuja, kitu pekee chenye faida ni kutandaza: anakanyaga tabaka lililokuwepo, na nyuma yake tabaka lingine limeshawekwa. Zamu inayofuata Skarmory anatoka bila kujadiliana. Na mpinzani akiwa na Hatterene, fanya tahadhari kinyume chake, maana Magic Bounce inakurudishia miiba upande wako. Huyo mchapie Brave Bird kama unayo.

Utaniambia, nikitandaza, Great Tusk anakuja kufagia miiba kwa Rapid Spin. Aje. Mimi napenda sana aje, na ndiyo sababu sishiki Leftovers inayorudisha damu kidogo kidogo, nashika Rocky Helmet, kofia inayomuumiza anayemgusa Skarmory. Great Tusk asiyewekewa EV kwenye HP ana 371. Akiingia juu ya tabaka moja anapoteza 46. Akizungusha Rapid Spin anamgusa Skarmory, na kofia inamtoa 1/6, yaani 61. Jumla 107, karibu asilimia 29 ya damu yake, na kwa hizo amefuta tabaka moja ambalo wewe umelilipia zamu moja. Unalirudisha. Akija mara tatu kwa mtindo huo amebaki na damu 50, na hana njia ya kuaminika ya kujitibu. Akishaanguka, miiba yako inakaa hadi mwisho wa mechi. Kitu cha kuangalia ni Heavy-Duty Boots, viatu vya kuzuia miiba: akiwa amevaa hizo, zile 46 hazipo, anabaki kulipa kofia peke yake. Na akishazungusha, mwendo wake unapanda, kwa hiyo usimwache azurure na kasi hiyo mbele ya mtu dhaifu. Knock Off yake pia inaiondoa kofia, kwa hiyo ukishajua anayo, usimwingize Skarmory ovyo.

Mfagiaji wa Defog, hila nyingine ya kufuta miiba, kama Corviknight, ni mgumu zaidi kwa sababu anaruka, miiba haimpati. Hapo dawa ni Gholdengo wa kwako. Mzimu unazuia Rapid Spin, Good as Gold inazuia Defog, yaani mtu mmoja anafunga milango miwili. Ila Skarmory na Gholdengo wote wawili wanaogopa moto, hivyo lazima awepo wa tatu anayeupokea moto vizuri. Na usimtupe Gholdengo mbele ya Great Tusk kila mara ukitegemea Rapid Spin. Siku akibonyeza Headlong Rush, shambulio la ardhi, umempoteza.

Kuhusu Roost. Zamani ilikuwa na PP (idadi ya matumizi) 10, ikiongezwa hadi mwisho 16. Kwenye Scarlet na Violet imeshushwa hadi 5, na mwisho wake ni 8. Mara nane kwa mechi nzima! Ule mchezo wa kukaa na kujitibu hadi mpinzani achoke, kizazi hiki umekatwa miguu, na mimi naona ni uamuzi mzuri. Kila Roost iwe na sababu. Mimi najitibu pale tu ambapo shambulio linalofuata la mtu ninayetaka kumzuia litaniangusha au litanizuia kurudi tena. Nikiwa na nusu ya damu na mpinzani anatoka, natandaza.

Tena Roost inamvua aina ya kuruka hadi mwisho wa zamu. Mbele ya Great Tusk hilo halina shida, ana kasi kuliko Skarmory, shambulio lake la ardhi linapita kabla hujatua. Tatizo ni wazito kama Ting-Lu: wewe unatua kwanza, yeye anafuata na Earthquake, na sasa wewe ni chuma kitupu, inakupiga mara mbili. Kwa Ting-Lu usijitibu kwa mazoea.

Mashambulizi manne ninayobeba ni Spikes, Roost, Whirlwind na Body Press. Iron Defense naijua na ina raha yake, lakini kwa kuwa Body Press hupiga kwa Defense, hiyo inamgeuza kuwa mshambuliaji, na mzimu mmoja tu unamfunga. Ukikutana sana na Magnezone, badala ya kofia mpe Shed Shell, la sivyo Magnet Pull, uwezo wake wa kunasa chuma, itamshika asitoke na umeme utamaliza habari. Stealth Rock, mtego wa mawe wa mpinzani, nayo inamla 1/8 kila aingiapo na kuharibu Sturdy, uwezo wake wa kustahimili pigo moja akiwa na damu kamili, kwa hiyo uwe na wako wa kufagia.

Kwa nini Body Press na si Brave Bird? Kwa sababu ya Kingambit. Wachezaji humhifadhi hadi mwisho ili Supreme Overlord imwongezee nguvu kwa kila mwenzake aliyeanguka, hadi asilimia 50. Akibaki peke yake, Whirlwind haina wa kumburuta badala yake, inashindwa. Body Press ndiyo inampiga mara nne, alimradi hajageuza aina kwa Tera, na hilo ulitegemee: kama mpinzani bado hajatumia Tera yake, mhesabu Kingambit kama mzimu. Mchezeshe mpinzani mapema alazimike kuitumia kwa mwingine.

Na Skarmory akishaweka matabaka matatu, na mfagiaji wa mpinzani ameanguka, na hakuna tena mpiga makofi wa kumzuia, mwache aanguke. Nasema hivi nikiwa nampenda kuliko Pokémon yeyote. Kuanguka kwake kunakupa nafasi ya kumwingiza Dragapult wako bila kuguswa, mbele ya watu ambao kila wakibadilishana wanapoteza robo ya damu. Kwako wewe, Dragapult anaingia mapema, anachoka, halafu Skarmory anabaki kulinda uwanja mtupu. Geuza mpangilio huo.

Fungua marudio ya mechi ulizopoteza, utafute zamu ambazo Skarmory amejitibu mara mbili mfululizo bila tabaka jipya kuwekwa katikati. Halafu angalia nani aliingia kwenye zamu hizo. Kama ni Gholdengo, ndivyo nilivyodhani. Kama ni mwingine, weka majina hapa, na utaje Great Tusk wa mpinzani alishika nini.