Moyo ukienda mbio kwenye mazoezi, unauchosha?

SWALI: Habari dokta. Nina miaka 42, nimeanza jogingi baada ya kukaa miaka mingi bila zoezi lolote. Saa ya mkononi inaonyesha nikikimbia mapigo yanafika 165, sasa kuna jamaa yangu ananitisha eti moyo umepewa idadi yake ya mapigo, ukiupeleka mbio unaumaliza mapema. Halafu asubuhi nikiamka zamani ilikuwa inasoma 78, siku hizi 66. Ndo moyo unachoka au?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Huyo jamaa mwambie apige hesabu mpaka mwisho asiishie njiani. Ukikimbia nusu saa kwa 165 badala ya 78 umetumia mapigo ya ziada kama 2,600 hivi, lakini saa zote zilizobaki za siku moyo ukipiga 66 badala ya 78 unakuwa umeokoa karibu 17,000. Sasa nani anayemaliza mapigo, wewe au yeye aliyeganda kwenye kochi?

Moyo wako hauchoki, umepata nguvu. Ukiwa umetulia unasukuma kama lita 5 za damu kwa dakika, na misuli yake ikishazoea mazoezi kila pigo linatoa damu nyingi zaidi, kwa hiyo kazi ni ileile ila kwa mapigo machache. Kawaida ya mtu mzima aliyepumzika ni 60 mpaka 100, na wanariadha wengine wako kwenye 40 na kitu na wako fiti kabisa. Ila ikishuka huku unapata kizunguzungu au unazimia, hapo usingoje, nenda hospitali.

Kinachonipa wasiwasi mimi ni hiyo 165. Toa umri wako kwenye 220 unapata 178, hiyo ndo makadirio ya juu kabisa (makadirio tu, inaweza kupishana na ukweli kwa mapigo 10 au zaidi). Zoezi la wastani ni asilimia 50 hadi 70, yaani kwako kama 89 mpaka 125, na zoezi zito linaishia kama 151. Wewe umevuka asilimia 90 na ndo kwanza unaanza, haraka ya nini? Changanya kutembea na kukimbia, uwe unaweza kuongea ila kuimba huwezi, ukifikisha dakika 150 kwa wiki inatosha sana.

Na saa isikuendeshe, mkanda ukilegea inasoma vitu vya ajabu. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu sekunde 30 zidisha mara mbili. Gumba lenyewe usilitumie maana lina mapigo yake litakuchanganya. Pima ukimaliza kukimbia, tembea taratibu dakika moja, pima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ikiwa haifiki mapigo 12 kila ukipima, kamwone daktari. Usisimame ghafla lakini, damu inabaki miguuni unaona giza.

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 58, anatumia atenololi ya presha. Tukitembea pamoja hata tukaze mwendo mapigo yake hayavuki 100, mimi natweta yeye anatweta. Je hapati faida?

JIBU: Marahaba. Anapata, tena vizuri tu. Hiyo dawa kazi yake mojawapo ni kuzuia moyo usikimbie, kwa hiyo ile hesabu ya 220 kwake haifai, mwache atumie pumzi yake kama kipimo. Akisikia kifua kinabana au maumivu yanaenda kwenye mkono au taya, asimame palepale na mumkimbize hospitali. Na asije akaacha dawa kisa anataka mapigo yapande, kuikatisha ghafla ni hatari kwa moyo, mambo ya dozi aongee na daktari wake.